Fundi wa Vizibo na Kiti Kilichomngoja Miaka Minne

Saa kumi na moja na robo alfajiri, wakati hata paka wa jengo bado anajadiliana na usingizi, mwanamume mmoja anaketi kwenye ngazi ya kwanza ya jengo la ghorofa tatu na kumwaga vizibo vya soda sakafuni.

Vizibo ni kumi na vinne. Anavipanga mstari mmoja juu ya simenti, anavitazama kama mtu anayecheza bao na mpinzani asiyeonekana, anakihamisha cha tatu kwenda mbele, anakuna kidevu, anakirudisha. Ndani ya kila kizibo kuna namba iliyokwaruzwa kwa msumari: 30, 12, 7, 25. Ni namba za vyumba. Kila kizibo ni kazi, na kila kazi ina mwenyewe anayeamini kwamba yake ndiyo ya kwanza.

"Wote wanasema haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiwauliza, hapa hakuna wa pili. Ni jengo zima la wa kwanza."

Kizibo cha kumi na nne ni chekundu. Kimepakwa rangi ya kucha, tabaka mbili, na hakina namba. Ndani yake limekwaruzwa neno moja: KITI. Fundi anakisukuma kwa kidole mpaka mwisho wa mstari, pale ambapo kwa kawaida hukaa kazi zinazoweza kungoja kesho.

Kikongwe mmoja anapita na ufagio wake. Anaishi chumba namba 20, ghorofa ya pili, na jengo zima linamwita Bibi Ndoo kwa sababu ana ndoo saba na hapendi kueleza kwa nini. Anasimama, anainamia mstari ule.

"Hicho chekundu mbona kimekaa mkiani?"

"Ni cha saa tisa alasiri, bibi. Siku bado changa."

"Hata kile cha mwaka ule kilikuwa cha saa tisa," Bibi Ndoo anasema, na kuendelea kufagia.

Fundi anazoa vizibo vyote kwa mpangilio wake, anavitia mfuko wa kulia wa ovaroli, anabeba sanduku la vifaa na kuanza kupanda.

Mfuko wa kulia ni wa kazi zilizobaki. Wa kushoto ni wa zilizokwisha. Kwa miaka kumi na tisa, tangu aajiriwe kutunza jengo hili la vyumba thelathini na viwili, amekuwa akiamka mzito upande wa kulia na kulala mzito upande wa kushoto. Wapangaji wanaapa kwamba unaweza kujua ni saa ngapi kwa kutazama ameinamia upande gani anapotembea. Wamemwita Mzee Vizibo kwa muda mrefu kiasi kwamba barua zake za kazini huja na jina hilo, na mwajiri hajawahi kuuliza.

Ngazi kutoka chini hadi juu ya paa ni sitini na nane. Amezihesabu, kwa sababu mwaka wake wa kwanza alizipanda mara kumi na moja kwa siku.

"Nilikuwa nafanya kazi ya yule anayepiga kelele," anakumbuka. "Mtu wa chini anaita, nashuka. Wa juu anaita, napanda. Wa kati anaita nikiwa nimeshampita, narudi. Jioni miguu inatetemeka, nikijiuliza nimefanya nini, nakuta nimefunga kitasa kimoja na nusu."

Kilichomfundisha ni kitu kisichokuwa na kelele hata kidogo. Bwana mmoja wa chumba namba 4 alilalamika kwamba droo ya kabati lake inakwama, akalalamika mpaka mishipa ikamsimama. Fundi akaacha yote, akashinda na droo asubuhi nzima. Juu, ghorofa ya tatu, tone moja la maji lilikuwa likidondoka kimya kimya nyuma ya ukuta. Halikumwita mtu. Kufikia jioni lilikuwa limelowesha dari la chini yake, likaliangusha lote kwenye godoro la maharusi waliokuwa wamehamia siku tatu tu.

"Bibi harusi alitoka na plasta kichwani kama keki," anasema Fundi. "Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu."

Toka siku hiyo hapimi kazi kwa sauti. Anaipima kwa kujiuliza ikiachwa saa moja itaharibu nini cha mwingine. Maji huanza, kwa sababu maji hayapandi ngazi, yanashuka tu, na tone la ghorofa ya tatu ni kesi ya ghorofa tatu. Baada ya maji ni nyaya za umeme. Baada ya nyaya ni milango, kwa sababu mtu asiyeweza kufunga mlango haendi kazini. Mwisho kabisa huja yale anayoyaita maneno: pazia, droo, kioo kilichopinda, na jirani anayekohoa.

Vizibo vilikuja baadaye. Alianza na daftari, lakini daftari na fundi wa maji hawapikiki chungu kimoja. La kwanza liliyeyuka mfukoni, la pili liliangukia tangini. Mwenye duka la kona ndiye aliyempa vizibo vya kwanza, na mpaka leo humwekea kwenye kopo. Kizibo hakilowi, hakichaniki, na kina sifa moja ambayo karatasi haina.

"Ukiandika kazi ishirini kwenye karatasi, karatasi haiongezeki uzito," anasema. "Vizibo ishirini unavisikia pajani. Vinakuambia acha kupiga soga."

Juu ya paa, jua linachungulia. Fundi anapandisha mkono ndani ya tangi, anagusa boya, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila siku huanzia hapa, kisha hushuka. Anapanda mara moja na kushuka na kazi, ghorofa kwa ghorofa, kama mtu anayenyonyoa kuku kuanzia shingoni.

Lakini mstari wa leo umepindishwa kidogo. Kizibo cha 30 kimeruka foleni. Ni bawaba tu ya mlango, jambo ambalo kwa kipimo chake lingesubiri. Sababu ni chumba cha jirani, 31, anakoishi muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hurudi saa moja asubuhi na kulala mchana.

"Bawaba inataka nyundo," anaeleza, akipiga tayari. "Nikigonga sasa, ni bawaba. Nikigonga saa nne, ni dhambi."

Pigo la mwisho linatua saa moja kasoro dakika tatu. Muuguzi anatokea kwenye ngazi, viatu mkononi, macho nusu.

"Umemaliza, Fundi?"

"Nimemaliza, mwanangu. Lala mpaka uchoke."

Kizibo cha 30 kinahama kulia kwenda kushoto. Kinalia ting.

Zipo hadithi nyingi kuhusu mtu huyu, na nusu yazo ni za kweli. Wapo wanaosema husikia bomba linalovuja akiwa bado nje ya lango. Wapo wanaosema aliwahi kuinuka katikati ya hotuba kwenye harusi ya ndugu, akaingia nyumba ya pili asiyoijua, akafunga koki, akarudi kabla ya makofi. Yeye anakanusha. "Haikuwa harusi," anasema kwa uzito. "Ilikuwa chai tu."

Saa tatu, kwenye ghorofa ya kwanza, anasubiriwa na mpangaji wa chumba namba 12, karani wa forodha mstaafu anayeitwa Mheshimiwa kwa jinsi anavyozungumza. Mheshimiwa amesimama mlangoni amejifunga taulo kifuani.

"Fundi, nimeingiliwa."

"Na nani?"

"Na jua. Fimbo ya pazia imeanguka. Jua limefika kitandani, na jirani wa ng'ambo ananiona nikipiga mswaki."

"Anakuona vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi yeye hana shida ya macho, na wewe una shida ya skrubu mbili." Fundi anafungua sanduku, anamkabidhi bisibisi na skrubu. "Kiti unacho. Panda, kaza kulia."

"Mimi?"

"Bisibisi haina cheo, Mheshimiwa. Nitaipitia jioni."

Mheshimiwa anaitazama ile bisibisi kama mtu aliyekabidhiwa nyoka, lakini anaipokea. Fundi ameshakitia kizibo cha 12 mfuko wa kushoto na kufika nusu ya ngazi. Huo ndio ujuzi wake mwingine: kujua kazi ipi si yake.

Kufikia saa sita vizibo tisa vimehamia kushoto. Amebadilisha mipira ya ndani ya mabomba mawili, ameunga waya wa swichi, amechomoa kipande cha ufunguo kilichovunjikia kwenye kitasa, na ametoa soksi ya mtoto kwenye mtaro wa bafu la chumba namba 17. Siku ya kawaida humaliza kazi kumi na mbili hadi kumi na tano. Mshahara wake, anasema, ni kama soksi hiyohiyo: unafunika vidole, kisigino kinajitegemea. Umesomesha watoto watatu hata hivyo, kwa msaada wa mtu atakayempigia simu baadaye kidogo.

Mtu huyo ni mkewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa shule ya msingi, na kati ya kazi zake ilikuwa kupiga kengele. Hajawahi kuchelewa hata dakika moja, na hana haya kulitaja hilo. Fundi humwita Karani. Yeye humwita Fundi, isipokuwa akikasirika, ndipo humwita Baba Watoto.

Ili kuelewa simu hiyo, ni lazima kwanza uingie sebuleni kwao, mtaa wa pili kutoka jengo lile. Ni chumba safi: viti vinne, meza ndogo, redio iliyovishwa kitambaa. Ukutani, ndani ya fremu nzuri ya dhahabu, kuna picha kubwa. Karani ameketi amevaa gauni la bluu na hereni, mgongo wima, anatabasamu nusu. Kando yake kuna kiti kitupu.

"Wageni wakiingia wananyamaza," Karani anasema. "Kisha wananiambia, pole, marehemu alikuwa nani? Nawaambia, alikuwa fundi bomba. Nao wanasema, loo, Mungu amlaze pema. Mara mlango unafunguka, marehemu anaingia anauliza chakula kiko wapi."

Picha ilipigwa miaka minne iliyopita, walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Siku ya harusi yao mpiga picha alikuja bila filamu, kwa hiyo hawakuwa na hata picha moja wakiwa pamoja. Walipanga kuifuta aibu hiyo studio, saa tisa alasiri. Bomba la chumba namba 9 likapasuka saa nane. Karani alikaa kwenye kiti chake mpaka saa kumi na dakika tano. Mpiga picha alipouliza afanye nini, alimjibu: "Piga. Piga hivyohivyo."

Jioni Fundi alirudi ameloa, akajitetea kwa falsafa yake yote. Akasema anapima kwa uharibifu. Kinachovuja ndicho huanza. "Nikamwambia, mke wangu, wewe huvuji," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake inapungua. "Akaniangalia. Akasema, navuja, Fundi. Ila polepole."

Sasa ni miaka ishirini na tisa. Mpiga picha yuleyule amezeeka, anafunga studio jioni ya leo, Jumamosi, na kuhamia kwa mwanawe. Amewawekea nafasi ya mwisho kabisa: saa tisa kamili. Karani ndiye aliyepaka kizibo rangi ya kucha. Na amemwambia mumewe mapema, kwa utulivu, kwamba kiti kitupu cha pili hatakaa nacho.

Simu inalia saa saba na nusu.

"Fundi."

"Karani."

"Una vingapi kulia?"

"Vitatu."

"Pamoja na changu?"

Fundi anatazama mfuko. "Pamoja na chako."

"Kimekaa wapi?"

"Cha mwisho. Lakini saa tisa bado..."

"Saa tisa haianzi saa tisa. Kitoe, kiweke mbele. Nasikiliza."

Anakitoa, anakigonga kwenye simu ili usikike mlio, kisha anakitia mfuko wa shati, peke yake. Vile viwili vingine ni kamba ya kuanikia nguo iliyolegea na kioo kilichopinda. Maneno. Anaviahirisha kwa heshima.

Baadaye, Karani alieleza hesabu yake. "Ukitaka kengele ilie saa mbili kamili, unainuka kitini saa mbili kasoro dakika nne. Kuna korido. Kuna mzazi atakayekusalimia. Kuna mlango unaogoma. Mume wangu ni hodari, hilo simnyimi, lakini yeye anahesabu kazi. Mimi nahesabu korido."

Kwa hesabu ya korido, Fundi ameoga saa nane, kwenye bomba la uani. Saa nane na dakika kumi ametoka stoo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kizibo chekundu mfukoni mwake, na suruali ya kijivu, nywele zimechanwa mpaka zimeshangaa. Anafunga stoo. Anatazama saa. Kwa mwendo wa polepole ni dakika kumi na tano mpaka studio. Anatabasamu kama mtu aliyemwibia shetani kofia.

Ndipo tabasamu linaposimama. Ameinamisha kichwa upande. Hakuna mwingine anayesikia kitu.

"Ghorofa ya tatu," anasema. "Upande wa kaskazini."

Sekunde kumi baadaye maji yanateremka ngazini, ngazi kwa ngazi, bila haraka, kama mgeni anayeijua nyumba.

Muuguzi wa 31 yuko koridoni amekumbatia mto. "Nimeota niko ziwani," anasema. "Nimeamka nikakuta ndoto imenifuata."

Bomba lake la bafuni limepasuka ndani ya ukuta, mahali pabaya kuliko pote: kabla ya koki ya chumba. Kulifunga hapo haiwezekani. Fundi anapanda hadi juu ya paa kwa hatua ambazo mtu wa miaka hamsini na saba hapaswi kuwa nazo, anazungusha koki kuu iliyo chini ya tangi, na jengo zima linakohoa mara moja na kunyamaza. Vyumba thelathini na viwili havina maji. Anaporudi 31, suruali ya kijivu imelowa mpaka magotini na kiatu kimoja kinapiga kelele kila akikanyaga.

Saa ni nane na dakika ishirini na tano.

Kuvunja ukuta, kukata bomba, kuweka kiungio kipya: saa moja na nusu kwa mkono mwepesi. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kuacha bomba wazi na kuondoka. Wapangaji wanaanza kukusanyika. Mheshimiwa amefika na sabuni usoni.

"Fundi, mimi nimepovuka. Jengo halina maji. Hii ni hali ya hatari."

Fundi anachuchumaa. Mkono wake unakwenda wenyewe kwenye sanduku, unashika spana. Kila aliyekuwepo aliuona mkono ule. Muuguzi, ambaye ameona mikono mingi ikiamua mambo, anasema ulikuwa kama wa mtu anayetaka kujikuna usingizini.

Halafu anaiweka spana chini.

"Maji yamesimama," anasema, taratibu, kama anayejifundisha. "Yakishasimama, hakuna tena kinachoharibika. Kilichobaki ni watu kununa. Kununa hakuangushi dari." Anagusa mfuko wa shati. "Kuzuia ni kazi moja. Kutengeneza ni nyingine. Miaka yote hii nimezitia kwenye kizibo kimoja."

"Unasema nini?" Mheshimiwa anauliza, jicho moja limefumba kwa povu.

"Nasema nina kitu kikiachwa leo hakitengenezeki kesho. Na si hili bomba."

Anayedakia ni Bibi Ndoo kutoka ngazini, na sasa hatimaye jengo linajua kwa nini ana ndoo saba.

"Zimejaa tangu jana," anasema. "Huwa nazijaza kila Ijumaa, nikingoja siku kama hii. Mheshimiwa, njoo ujimwagie, uache kutumwagia maneno. Na wewe, mwanangu, unasubiri nini? Mwenzako hana subira ya kiti kingine."

"Nitarudi saa kumi na nusu," Fundi anasema.

"Rudi ukiwa kwenye fremu."

Anakwenda. Hakimbii barabarani, kwa sababu ya kiatu. Anatembea kwa ule mwendo wa mtu anayechelewa lakini hataki mtaa ujue. Ting, ting, vinalia vizibo mfukoni, maana alipovua ovaroli mkono wake ulivihamishia kwenye suruali nzuri kwa mazoea. Pale kona, mwenye duka anainua kopo lake la vizibo kumsalimu. Fundi anamwonyesha tu saa mkononi na kupita.

Studio ni chumba kimoja chenye pazia la bluu lenye mawingu yaliyochorwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kutazama juu. Vitu vimeshafungwa kwenye maboksi. Viti viwili vimewekwa katikati. Kwenye kimoja amekaa Karani, gauni lilelile la bluu, hereni zilezile, mgongo wima. Kwenye cha pili ameweka mkoba wake.

Saa ya ukutani inasema tisa kasoro dakika sita.

Kiatu kinamtangaza kabla mlango haujafunguka. Karani hageuki. Ananyoosha tu mkono, anauondoa mkoba kwenye kiti, anauweka chini.

Fundi anaketi. Kiti kinalia, naye analia kidogo, ingawa atasema ni maji ya bomba.

"Umemaliza huko?" Karani anauliza, akitazama mbele.

"Sijamaliza."

Hapo ndipo anapogeuka. Anamtazama mumewe kuanzia nywele mpaka kwenye kidimbwi kinachoanza kujitengeneza chini ya kiti. Katika miaka ishirini na tisa, hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Umeacha?"

"Nimefunga koki. Nimeacha."

Mpiga picha mzee anasogeza kamera, anakunja uso. "Nitakata juu ya magoti," anapendekeza kwa upole. "Suruali isionekane."

"La," anasema Karani. "Piga mpaka viatu. Watu waone alikotoka."

Saa kumi na dakika ishirini na nane, dakika mbili kabla ya ahadi, Fundi alikuwa amerudi chumba 31 akiwa na nyundo na patasi, shati jeupe likiwa limekunjwa mikono. Alipofika, Mheshimiwa alikuwa ameshafuta korido yote kwa tambara, ghorofa ya tatu hadi ya kwanza, na fimbo yake ya pazia ilikuwa imesimama wima kama askari. Alidai malipo ya heshima. Alipewa skrubu iliyobaki.

Maji yalirudi saa kumi na mbili kamili. Hakuna dari lililoanguka. Waliokuwa wamenuna waliacha wenyewe.

Sasa kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye ngazi ya kwanza, Fundi anaendesha kinachoitwa na wapangaji "darasa la koki". Kila chumba kinatoa mtu mmoja. Wanafundishwa mahali koki yao ilipo, namna ya kuifunga, na tofauti kati ya maji na maneno. Bibi Ndoo ndiye msimamizi wa nidhamu. Muuguzi anaruhusiwa kuhudhuria akiwa amelala.

Shabaha yake anaitaja bila kuficha. Mwakani watatimiza miaka thelathini, na mtoto wao wa kwanza, anayeishi safari ya siku moja kutoka hapa, amewaita wakakae wiki nzima. Fundi hajawahi kuwa mbali na jengo lile hata kwa siku mbili.

"Siku saba," anasema, akikisugua kizibo kipya kwa msumari. Ndani yake hajaandika namba. "Nataka nikae mahali, bomba lidondoke, nilisikie, na nisiinuke."

"Ataweza?" Karani anaulizwa.

"Atainuka siku ya kwanza," anasema. "Siku ya pili nitaficha spana."

Kizibo chekundu hakipo tena mfuko wa kulia wa ovaroli. Kinakaa mfuko wa shati, siku zote, na hakihami kwenda kushoto, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, hiyo ni kazi isiyokwisha.

Picha mpya imeshatengenezewa fremu. Inawaonyesha wawili wameketi bega kwa bega mbele ya mawingu ya ajabu, yeye mkavu kabisa, mumewe amelowa toka magotini, na wote wanacheka jambo lililokuwa limesemwa sekunde ile ile na ambalo wanakataa kulitaja. Karani hataki ile ya kwanza ishushwe. Anataka zikae pamoja, moja juu ya nyingine, ili wageni wasome kwa mpangilio.

Lakini alipotembelewa wiki mbili baadaye, fremu ilikuwa bado imeegemezwa ukutani, juu ya redio. Kinachotakiwa ni msumari mmoja.

"Kinyozi hajinyoi," Fundi alisema, akitazama miguu yake.

Karani aliingia chumbani, akatoka na kichupa cha rangi ya kucha na kizibo cha soda, akaanza kupaka.

Fundi aliinuka kwenda kutafuta nyundo.